Ghafi imejaa, petroli hakuna: kiwanda cha kusafisha mafuta kilipokwama, wewe kilikuathiri vipi? Tupeane uzoefu

Karani wa Malori
Wakuu, habari za saa hizi. Kazi yangu ni kununua dizeli ya kampuni ya usafirishaji. Mwaka 2022 nilichemka vibaya, na bosi bado ananikumbusha. Kuanzia Juni bei ya mafuta ghafi iliteremka. Nikamshauri tusubiri kidogo, dizeli itafuata. Ikashuka kwa shingo upande, halafu Oktoba ikageuka na kupanda. Matangi yetu yalishabaki tope chini, ikabidi tununue kwa bei ya juu kuliko ile niliyoikataa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba lori halinywi ghafi. Katikati kuna kiwanda cha kusafisha. Wakati wa korona viwanda kadhaa vilifungwa moja kwa moja. Marekani peke yake ilipoteza uwezo wa mapipa takriban milioni moja kwa siku. Watu wakarudi barabarani, viwanda havikurudi. Pengo la bei kati ya pipa la ghafi na pipa la dizeli mwaka ule lilivuka dola 50. Mimi nilikuwa naangalia bei ya ghafi kwenye taarifa ya habari, kumbe pesa yetu inaliwa kwenye lile pengo.

Karibuni, kila mtu aseme lililompata.

Fundi Mnara
Mkuu, mimi niko ndani ya uzio wa kiwanda. Kila baada ya miaka michache mtambo unazimwa kwa matengenezo makubwa: unaupoza, unatoa gesi yote, unafungua mnara unaotenganisha ghafi kuwa petroli, dizeli na kadhalika, unakagua. Mara ya mwisho, miaka minne iliyopita, tulipangiwa siku 35.

Siku ya tisa mwenzangu aliweka kipimo cha unene kwenye bomba la tanuru, lile linalopasha ghafi hadi nyuzi 350 na ushee kabla haijaingia mnarani. Akapima tena. Akafuta kioo kwa kiwiko, akapima mara ya tatu, ndipo akaniita bila kusema kitu. Ukuta wa bomba ulikuwa umelika. Pale hakuna cha kuziba kwa welding tu uendelee. Likipasuka likiwa na moto, hamtoki. Na bomba la aina ile halikai dukani, linaagizwa.

Siku 35 zikawa 71. Matangi ya ghafi yalijaa mpaka shingoni, meli ikatia nanga nje inasubiri mahali pa kushusha. Upande wa pili, kwenye matangi ya petroli, ukigonga unasikia mwangwi. Nyumbani shemeji zangu wananiuliza kwa nini tunaficha mafuta.

Dereva wa Tenka
Ohoo, kumbe ni nyie! Nililala bohari siku tatu kwenye foleni. Tukaanzisha daftari la majina. Ukienda kuoga unamwachia jirani funguo asogeze gari. Zamu yangu ilipofika nikaambiwa ni mgawo. Tenka langu lina vyumba vitano, nikajaziwa viwili.

Sasa piga hesabu. Safari ni ile ile, dizeli ninayochoma njiani karibu ni ile ile, posho ile ile, ila nyuma nimebeba chini ya nusu. Hiyo gharama huioni kwenye bei ya dunia, lakini iko kwenye kila lita.

Mkandarasi Mchovu
Kila mtu analia petroli, hakuna anayekumbuka lami. Lami ni masalia mazito ya kiwanda hicho hicho. Kilipozimwa nilikuwa na kipande cha barabara kimeshashindiliwa na kumwagiwa praima, ile lami nyepesi ya kutangulia, nyeusi inang'aa kama wino, kinasubiri lami tu. Ilibidi itoke mbali, na lami inasafiri ikiwa ya moto. Ikipoa njiani umebeba jiwe. Ilipofika, magari yalishakatiza juu ya praima na vumbi limeganda. Nilifagia na kumwaga upya kwa hela yangu.

Simwamini Mtu
Mnatuzungusha tu. Kama tatizo ni viwanda, si vijengwe?

Karani wa Malori
Swali zuri mkuu, ila angalia Nigeria. Mzalishaji mkubwa wa ghafi, ana viwanda vinne vya serikali, na kwa miaka mingi ameagiza petroli kutoka nje kwa sababu viwanda hivyo vilikuwa hoi. Kile cha Dangote, mapipa 650,000 kwa siku, mpango wake ulitangazwa 2013 na petroli ikaanza kutoka Septemba 2024. Iran nayo imekalia mafuta, lakini Juni 2007 ilianza kugawa petroli kwa kipimo maana viwanda vyake havikutosha, na watu wakachoma vituo. Halafu ukishajenga, ghafi bado unainunua kwa bei ya dunia. Kiwanda kinakupunguzia kusubiri meli. Bei ni habari nyingine.

Kioja kikubwa kwangu ni kimbunga Harvey, Agosti 2017. Karibu robo ya uwezo wa kusafisha wa Marekani ulisimama. Petroli ikapanda, ghafi *ikashuka*. Nilisoma mara mbili. Lakini fikiria: viwanda vimezima, nani atainunua hiyo ghafi?

Simwamini Mtu
Hiyo ya Harvey nimeielewa. Wenye vituo bado siwaamini.

Mama Pampu
Mimi ndiye huyo usiyemwamini, nasimamia kituo. Mafuta yakikaribia kuisha nachovya dipu, kile kijiti cha kupimia kina cha tangi, mwenyewe, naipaka dawa ya kupimia maji kwenye ncha, kwa sababu tangi likishuka sana pampu huvuta maji na uchafu wa chini. Nikaona sentimita chache, nikazima pampu. Mteja akaniambia nimeficha mzigo nisubiri bei mpya. Nikampa dipu aichovye mwenyewe. Akachovya, akaitazama, akanusa vidole, akasema, "Hili tangi lingine je?" Lingine lilikuwa la mafuta ya taa.

Simwamini Mtu
😂 Huyo si mimi.

Dereva wa Tenka
Fundi Mnara, mnazima tena lini? Nijue mapema nibebe godoro.

Fundi Mnara
Mwakani, mwezi wa tatu. Tumepangiwa siku 35.