Nimeagiza katoni 1 ya sabuni, nimeletewa 11. Hii programu iliandikwa na nani?

Wadau, nimechoka. Nina duka la rejareja hapa Kayole, na muuzaji wangu wa jumla siku hizi hapokei oda kwa simu wala kwa mdomo. Lazima upitie programu yao.

Naandika "sabuni" kwenye kisanduku cha kutafuta, orodha inashuka, kibodi imekula nusu ya skrini. Nagusa sabuni ya mche. Kibodi inajifungia zake, sabuni haichaguliki. Nagusa tena, lakini kibodi ilipoondoka orodha nayo ilisogea, kidole kinatua kwenye sabuni ya kuogea. Nafuta, naanza upya, na huku mteja anadai chenji yake.

Hilo nilishalizoea. Lililonipandisha hasira ni la Jumanne. Kisanduku cha idadi kiko chini kabisa, na kibodi ikifunguka inakifunika chote. Unaandika gizani. Niliandika 1, sikuona kitu, nikaandika 1 tena. Pikipiki ikaja na katoni 11. Kumi na moja! Duka lenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Huduma kwa wateja wanasema nizime simu niwashe. Nimezima. Nifute programu niipakue upya. Nimefuta, bando limeisha, ugonjwa ni ule ule.

Mpwa wangu anasomea mambo haya. Alishika simu dakika mbili akaanza kucheka. Anasema kama imeandikwa kwa React Native (zana ya kuundia programu za simu), orodha zake usipozirekebisha hutumia mguso wa kwanza kufunga kibodi tu. Kitu ulichogusa hakipati habari. Dawa ni kuweka mpangilio wa orodha uitwao keyboardShouldPersistTaps uwe "handled". Mstari mmoja, jamani! Kisanduku kufunikwa nako ni kwa sababu aliyeiandika hakuiachia kibodi nafasi, na programu zinazolenga Android 15 hutandazwa hadi kingo za skrini, kwa hiyo nafasi hiyo lazima aipime mwenyewe. Alijaribu kweli kuagiza hata kiberiti kabla ya kututupia?

Sasa wananiambia mzigo haurudi kwa kuwa "oda ilithibitishwa na mteja". Nilithibitisha nini na namba sikuiona?

Anayetaka sabuni ya mche kwa bei ya jumla aje, katoni kumi zimeziba mlango. Na aliyewahi kurudishiwa pesa na hawa watu anieleze alianzia wapi.