Eti nimejaza seva na filamu! Jameni!

Mkaanga_Seva (Kisumu): Wakuu, huyu bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo asubuhi, mbele ya wahasibu wote, hadi mama wa chai, akaninyooshea kidole: "Kijana huyu amejaza diski na filamu." FILAMU! Mimi ambaye hata runinga naangalia kwa jirani!

Na ni yeye aliyerusha kweri (ombi la data) ya mauzo tangu Nuhu ashuke safinani. Tebo mbili kubwa bila sharti la kuziunganisha, yaani kila safu ya huku na kila safu ya kule, halafu mwishoni kabisa anabandika ORDER BY, amri ya kupanga yote. PostgreSQL, hifadhidata yetu, ukiiacha ilivyokuja, work_mem yake (kumbukumbu ya kupangia) ni 4MB. Upangaji ukizidi hapo unamwagikia diskini, kwenye folda ya faili za muda, pgsql_tmp. Diski ikajaa tii, makeshia wakagandiwa, foleni ikafika barabarani. Yeye? Filamu!

Nikaiua kweri yake. Faili za muda zikajifuta, nafasi ikarudi. Mnajua alisemaje? "Mnaona? Amezifuta." Mama wa chai akanitazama, akatikisa kichwa. AMEZIFUTA! Bado natetemeka.

Jogoo_wa_Kondele: Pole sana ndugu. Lakini zilikuwa filamu gani? 😂😂

NyanyaMbichi: temp_file_limit, mpangilio wa nafasi ya faili za muda, haina kikomo mpaka uiwekee. Ungeiwekea, kweri yake ingekatwa njiani nawe ungekunywa chai yako kwa amani.

Mkaanga_Seva: Niliomba! Akasema nisimpangie kazi. Leo mimi ndiye mtu wa filamu!

Jogoo_wa_Kondele: Basi washa log_temp_files, iweke 0. Kila faili ya muda itaandikwa kwenye logi pamoja na ukubwa wake. Umpelekee mama wa chai.

Baridi_ya_Nakuru: Nyinyi mnadeka. Sisi wa hifadhidata ya Oracle, TEMP (nafasi ya data ya muda) ikijaa ni kosa la ORA-01652, na mkubwa wetu dawa yake ni moja: ongeza faili. Nayo kwenye toleo letu la zamani ikishavimba haipungui mpaka uipunguze kwa mkono. Diski yetu ni TEMP tupu.

NyanyaMbichi: Angalau Nakuru mna baridi. Hapa Kisumu kiyoyozi cha chumba cha seva kimehamia ofisini kwa mkubwa. Seva zinapepewa na feni ya mezani.

Baridi_ya_Nakuru: Feni mnayo? Sisi tunafungua mlango tu, na paka analala juu ya UPS.

Mkaanga_Seva: Wakuu, uzi ni wa filamu!

Jogoo_wa_Kondele: Tuliza boli. Baridi, huyo paka huwa anakojoa hapo ama analala tu? Wetu alikojolea swichi, lawama nikabeba mimi.