Fundi kang'oa pini nne za adapta kwa plaizi!

Wakuu, yule fundi wa Kariakoo mnayemjua, yule wa ngazini, leo kazidi. Kaletewa kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, kadi ya picha ya Nvidia GT 1030 na monita mbili: moja ya 4K (nukta 3840×2160) yenye HDMI, nyingine ya zamani, VGA tupu, ile ya analogi. Kazi ya dakika kumi. Yeye kashika plaizi kang'oa pini nne za adapta. Pini nne! Kwa plaizi!

Kadi hiyo ina HDMI na DVI-D, tundu la picha ya dijitali tu. Adapta ya VGA ya bei chee ni ya DVI-I, yaani DVI yenye analogi pia, ina pini nne kuzunguka ule ulimi bapa, na DVI-D haina matundu yake. Haiingii kwa sababu haitakiwi kuingia! Pini hizohizo ndizo zinabeba nyekundu, kijani, bluu na mapigo ya kupanga mistari ya picha. Kang'oa picha yenyewe kabakiza plastiki. Monita ikabaki nyeusi, eti: "Kadi feki hii, kanunue nyingine." Plaizi mkononi, pini nne mezani, anasema kadi feki!

Nvidia waliacha kutoa VGA tangu kadi za toleo la 10, mwaka 2016. Hapo kinatakiwa kibadilishi chenye chipu ya kugeuza dijitali kuwa analogi, DVI-D kwenda VGA. Vingine vina waya wa USB wa kuvutia umeme. Huyu ukimpelekea jino bovu anarudisha taya zima.

Bati refu la kufungia kadi, la sentimita 12, nalo kaliacha, na fupi la 8 limo ndani ya boksi, skrubu mbili tu. Kasha halifungi. Bati nasamehe. Pini sisamehe.

Waya Mfupi: Mkuu, 7010 nyuma ina VGA moja na DisplayPort (tundu jingine la picha) mbili. Monita mbili zinawaka bila kadi. Umekasirikia plaizi bure.

Mtoa mada: Soma vizuri. HD 2500, picha ya ndani ya prosesa, inaishia nukta 2560×1600. Monita ni ya 4K, hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Na hata kama kadi haikuhitajika, pini zilimkosea nini?

Mama Skrubu: Basi 4K ichomekwe kwenye kadi, VGA kwenye mashine yenyewe, uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) uwashe Multi-Display. Adapta ya nini?

Mtoa mada: Ndiyo nilitaka fundi aseme hivyo! Kasema kadi feki!

Chuma Chakavu: GT 1030 ya kumbukumbu ya GDDR5 au DDR4? Ya kwanza kumbukumbu yake inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya pili 16.8. Jina moja, boksi linafanana, maduka yanauza zote bei ileile. Hilo ndilo la kulilia.

Waya Mfupi: Afadhali hiyo. Mtaa wa pili wanauza "GTX 1050 Ti" ambayo ni kadi ya zamani, GTS 450, iliyobadilishwa BIOS yake ya ndani ijiite jina jipya. Nyuma ina tundu la VGA! Ukiifungua kwa GPU-Z, programu ya kukagua kadi, inaandikwa [FAKE].

Mtoa mada: Jamani, pini nne.

Mama Skrubu: @Waya Mfupi ni lile duka lenye feni mlangoni? Wale kebo zao za HDMI kwa 4K zinaishia hezi 30, kipanya kinaruka kama panzi.

Chuma Chakavu: Haohao! Na risiti hawatoi.