Naomba ushauri: kuingia majumbani kwa wenyeji nikishuka melini

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye meli ya kitalii, kesho kutwa tunatia nanga kisiwani na nimelipia ziara ya kutembelea nyumba za wenyeji. Kisiwa kilichopita niliona aibu: tuliingia watu 12 sebuleni kwa mama mmoja, kila mtu simu juu, naye bado ana povu la sabuni mikononi. Hakusema kitu.

Safari hii nibebe zawadi au niende mikono mitupu? Hela nimpe mwenye nyumba mwenyewe, au nipitishe kwa kiongozi wa msafara? (Huyo simwamini sana.) Picha za watoto sipigi, hilo nimeshaamua.

Halafu ziara hiyo haijaandaliwa na meli, kwa hiyo nikichelewa meli inaniacha. Tunashushwa kwa boti ndogo. Nirudi mapema kiasi gani?