Wakuu msaada: Access inawapiga faini watu waliolipa kwa wakati

Karani wa Saccos: Habari za jioni wakuu. Natunza marejesho ya mikopo kwenye Access, programu ya Microsoft ya kutunza data. Siku za kuchelewa natafuta kwa DateDiff (inahesabu siku kati ya tarehe mbili) na CDate (inageuza maandishi kuwa tarehe). Wengine wanatoka sawa, wengine wanapigwa faini na risiti wanazo. Nikipanga orodha, ya 15/01/2024 inakaa chini ya 02/12/2024. Format, ile ya kupanga mwonekano wa tarehe, niiweke wapi? Barua za faini zinatoka Jumatatu.

Kikokotoo: Mkuu, hizo tarehe zako zimekaa kama maandishi. Yanapangwa herufi kwa herufi kutoka kushoto, "02" inatangulia "15", mwaka hauangaliwi. Tarehe halisi Access huiweka kama namba, siku zilizohesabiwa kuanzia 30 Desemba 1899. Format inatoa maandishi, iache kwa ajili ya ripoti. Kolamu yako ni Date/Time (tarehe) au Short Text (maandishi)?

Dada Mpambanaji: Faini hizi! Mimi nilitozwa na risiti nimeshika mkononi, nikazungushwa ofisini hadi genge likalala bila kufunguliwa. Mnaokaa kwenye kompyuta muogopeni Mungu.

Fundi Data: Hamia MySQL, programu nyingine ya data, kuna STR_TO_DATE ya kugeuza maandishi kuwa tarehe.

Karani wa Saccos: MySQL sina wa kuniwekea. Kolamu ilikuwa Date/Time, niliigeuza Short Text Januari 2024 ili barua zitoke na tarehe nzuri. Mwenyekiti alipenda. Hapo sirudi nyuma.

Jicho la Tatu: Hii chai. Dogo ana kazi ya chuo anatafutiwa majibu. Weka data tuone.

Karani wa Saccos: Sipo chuo, kaka. Majina nimeondoa. Fomu inajaza tarehe ya leo yenyewe kwa Date():

04/03/2024
3/4/2024
13/03/2024
3/15/2024

Kikokotoo: Mna kompyuta mbili?

Karani wa Saccos: Ndiyo, nyingine ipo kaunta.

Kikokotoo: Basi ya kaunta Windows yake iko kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza, bila sifuri. Mistari miwili ya juu ni siku moja, 4 Machi. CDate kwako inaisoma ya pili kuwa 3 Aprili, mtu anahesabiwa siku 30 zaidi. Ya 3/15 inaielewa kwa sababu hakuna mwezi wa 15, ndiyo maana hujaona kosa lolote.

Chukua bakapu. Ongeza kolamu mpya ya Date/Time, ya zamani usiifute. Zenye herufi pungufu ya 10, na zile ambazo namba ya katikati imezidi 12, ni za kaunta: zigeuze kwa CDate ukiwa kwenye kompyuta ya kaunta yenyewe. Zilizobaki zigeuzie kwako. Utata unabaki kwa tarehe 10, 11 na 12 za Oktoba, Novemba na Desemba. Hizo fungua vitabu vya risiti.

Jicho la Tatu: Sawa, nafuta kauli. Ila fomu nayo ielekeze kwenye kolamu mpya, la sivyo kesho mnaanza upya.

Dada Mpambanaji: Na barua?

Karani wa Saccos: Mwenyekiti ameshasaini, lakini ziko kwangu. Nampigia sasa hivi.