Naomba ushauri: Tenerife na mama mwenye presha

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa nane tunakwenda Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, tutafikia mji wa Los Cristianos, upande wa kusini: mimi, wanangu wawili na mama yangu mwenye presha. Watoto wanataka Siam Park, bustani ya michezo ya maji, na kuogelea tu, hao hawanipi shida. Ninayemuwaza ni mama. Ana hamu sana ya kuuona mlima Teide, lakini gari la nyaya linapanda hadi mita 3,555, na hewa ya huko juu ni nyepesi. Je, kuuangalia kutoka chini kunatosha? Au nimpeleke Las Teresitas, ufukwe wenye mchanga ulioletwa kutoka Sahara, ingawa uko mbali, upande wa Santa Cruz? Na boti za kutazama nyangumi, bahari huchafuka? Mliowahi kwenda na wazazi, nisaidieni tafadhali.