Mrejesho: lile swali la meseji za makosa kuchanganyika

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini programu yangu ya C yenye thredi 8 (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja) inaandika kwenye logi meseji ya kosa la thredi nyingine, na kama badiliko la dogo wa timu yetu, kutoa strerror (fanksheni inayogeuza namba ya kosa kuwa maneno, ila thredi zinaweza kugongana kwenye bafa moja) na kuweka strerror_r (unayoipa bafa yako mwenyewe), linatosha kupitishwa.

Aisee halikutosha. Dogo kaipa kila thredi bafa yake (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea maneno), safi, ila sisi tunakompaili na _GNU_SOURCE (alama ya kuwasha nyongeza za GNU) na kumbe hapo unapewa strerror_r ya GNU ambayo inarudisha pointa (anwani ya mahali maneno yalipo), bafa yako inaweza isiiguse kabisa, na dogo alikuwa anachapisha bafa tu, kwa hiyo kwenye logi takataka tupu. Ile ya POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix) ndo inajaza bafa na kurudisha int (namba nzima), 0 ikifanikiwa. Jina moja tabia mbili, sijui walikuwa wanawaza nini.

La pili nimeligundua saa sita usiku: errno (namba ya kosa la mwisho) kila thredi inayo yake, sawa, lakini read (kusoma faili) ikifeli tulikuwa tunaita close(fd) (kufunga faili) kwanza ndo tunasoma errno, close nayo ikifeli inafunika ile ya mwanzo. Sasa mstari wa kwanza baada ya read kufeli ni int kosa = errno;

Wenye glibc (maktaba ya C ya Linux) 2.32 kwenda juu strerror yenyewe ni salama kwa thredi, ila seva zetu mbili bado za kizamani. Tangu jana logi zimetulia, dogo ndo bado kaninunia.